Hukwe Ubi Zawose (1938–2003): Ngoma ya Ukoo na Ngoma ya Taifa

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili neno ngoma hubeba mambo kadhaa kwa pamoja. Ni chombo kipigwacho, ni uchezaji, ni uimbaji, na ni mkusanyiko wa watu waliotoka majumbani mwao kwa ajili ya hayo yote. Mtu akisema kuwa kuna ngoma mahali fulani, msikilizaji haulizi ni ipi kati ya maana hizo inayokusudiwa, kwa kuwa anajua kwamba zinakwenda pamoja. Msamiati wa taasisi za Tanzania uliokuzwa baada ya uhuru umezigawa maana hizo. Ndipo tulipopata muziki wa asili upande mmoja, sanaa za maonyesho upande mwingine, na vikundi vya utamaduni vyenye katiba, viongozi na usajili. Mgawanyo huo una manufaa yake katika utawala na katika ufundishaji. Hata hivyo, unaficha swali la msingi: ngoma ni mali ya nani, na ni nani anayeitunza pindi anayeilipia anapoondoka?

Maisha ya Hukwe Ubi Zawose yanatoa nafasi nzuri ya kulichunguza swali hilo. Mwanamuziki huyu wa Kigogo alizaliwa kijijini, akaitwa katika utumishi wa sanaa wa taifa, akafundisha katika chuo cha serikali, akazunguka dunia, na akafariki mjini Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Wasifu wake umekuwa ukielezwa zaidi kama habari ya kipaji cha mtu mmoja. Makala haya yanaelekeza macho kwenye kikundi kilichomzunguka. Hoja yake ni kwamba taasisi zilimpa Zawose jukwaa, kazi na jina, lakini chombo kilichoibeba ngoma yake kutoka hatua moja hadi nyingine kilikuwa ukoo. Aidha, inadaiwa kwamba kuibeba ngoma kwa njia hiyo kulikuwa na gharama, na kwamba gharama hiyo ilionekana wazi zaidi baada ya kifo chake.

2.0 Ugogo na Malezi ya Ngoma

Zawose alizaliwa yapata mwaka 1938 katika kijiji cha Doda, mkoani Dodoma. Ugogo ni nchi ya nyanda kavu katikati ya Tanzania. Mvua yake ni ya msimu mmoja, nayo mara nyingi haitoshi. Kiangazi huanza yapata mwezi Mei na kuendelea hadi Novemba. Wagogo ni wafugaji na wakulima kwa wakati mmoja, na mazao yao makuu ya jadi ni uwele na mtama. Makazi yao ya zamani yalikuwa matembe, yaani nyumba ndefu zenye paa bapa la udongo, zilizojengwa kuzunguka ua wa ng'ombe. Katika kila tembe waliishi watu wa nyumba moja, na tembe moja ilikuwa mbali na nyingine.

Mpangilio huo wa makazi ulikuwa na uhusiano mkubwa na ngoma. Kwa kuwa watu waliishi kwa kutawanyika, kukutana kwao kulihitaji sababu, nayo ngoma ilikuwa sababu hiyo. Baada ya mavuno watu walikusanyika na kucheza msunyunho, njuga zikiwa miguuni. Wakati wa jando nyimbo za nindo ziliimbwa kwa sauti nyingi zilizopishana na kukutana tena. Katika shughuli za unyago wanawake walipiga muheme, ngoma ndefu zinazoshikiliwa kati ya mapaja. Jambo hili la mwisho linapaswa kukumbukwa, kwa sababu litarejewa baadaye: katika Ugogo upigaji wa ngoma kwa mikono haukuwa kazi ya wanaume peke yao. Muheme ulikuwa chini ya mamlaka ya wanawake.

Hapa yafaa kulinganisha Ugogo na eneo lenye historia tofauti. Katika Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, pamoja na sehemu kama Mabira ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika wilaya ya Kyerwa, palikuwa na ufalme wenye ikulu. Speke na Grant walipofika huko mwaka 1861 walipokewa na Mukama Rumanyika, ambaye enzi yake iliambatana na ngoma za kifalme na vifaa vya chuma vya utawala. Ngoma za namna hiyo zilikuwa na mlezi anayejulikana. Ugogo haukuwa na ufalme mmoja mkubwa. Watemi wake walitawala maeneo madogo, na heshima yao ilihusiana zaidi na ardhi na mvua. Kwa hiyo, serikali ya Tanganyika ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, ngoma za ikulu zilipoteza ikulu, ilhali ngoma nyingi za Kigogo hazikuwa na ikulu ya kupoteza. Mlezi wake alikuwa kaya.

Ni katika malezi hayo ndimo Zawose alimojifunzia. Hakupelekwa kwa mwalimu wa muziki, wala hapakuwa na siku ya kuhitimu. Mtoto wa Kigogo alichunga ng'ombe, na machungani alikuwa na saa nyingi za kuimba na kujaribu vyombo. Jioni alisikiliza wakubwa. Mwanafunzi na msikilizaji alikuwa ni mtu yule yule katika nyakati mbili tofauti.

3.0 Vyombo na Sauti

Vyombo viwili ndivyo vinavyohusishwa zaidi na jina la Zawose, navyo ni ilimba na izeze. Kiisimu, majina haya yana kiambishi i- cha Kigogo. Izeze hutambulika mara moja kuwa ni zeze la Kiswahili, nayo ilimba ina undugu wa wazi na marimba na malimba ya lugha nyingine za Kibantu. Tofauti haiko katika majina tu. Ilimba ya Kigogo ni sanduku la mti lililofungwa vipande bapa vya chuma, ambavyo hubonyezwa kwa vidole gumba. Baadhi ya vipande havibonyezwi kabisa. Kazi yake ni kutetemeka vyenyewe vinapoguswa na mlio wa vile vinavyopigwa. Aidha, tundu la sanduku huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui, nao huongeza mvumo ambao mgeni anaweza kuudhani kuwa ni kasoro ya chombo. Kwa Mgogo, ilimba isiyovuma haijakamilika.

Ngazi ya sauti za Kigogo imewavutia wataalamu wa muziki kwa muda mrefu. Gerhard Kubik, na baada yake Polo Vallejo, wameonyesha kuwa ngazi hiyo imejengwa juu ya zile sauti ndogo zinazozaliwa ndani ya mlio wa uzi mmoja au wa koo moja. Kwa maneno mengine, mwimbaji hachukui sauti zake kutoka nje na kuzipanga. Anazitoa ndani ya sauti moja ya msingi. Ndiyo maana sauti nyingi za waimbaji wa Kigogo hukaa pamoja bila kugombana, na ndiyo maana ilimba, zeze na koo la mtu huweza kufuatana kwa karibu sana.

Zawose aliurithi mfumo huo, na hakuuacha kama alivyoukuta. Alitengeneza malimba makubwa yenye vipande vingi vya chuma, na mazeze yenye nyuzi nyingi kuliko zile chache za zeze la kawaida la kijijini. Sauti yake mwenyewe ilishuka hadi mkwaruzo wa chini kabisa wa koo, kisha ikapanda ghafla hadi sauti nyembamba ya juu. Katika mjadala kuhusu uasilia, jambo hili lina uzito. Msanii ambaye nje ya nchi alitangazwa kuwa mlinzi wa jadi alikuwa, katika karakana yake, mbunifu wa vyombo. Hakuona kinzano kati ya mambo hayo mawili. Kwake yeye jadi ilikuwa ni mfumo wa sauti na namna ya kuishi na watu, haikuwa idadi ya nyuzi.

4.0 Mwito wa Taifa

Tarehe 10 Desemba 1962 Julius Nyerere, katika hotuba yake ya kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Fikra iliyoongoza hatua hiyo ilikuwa kwamba ukoloni uliwafanya Waafrika waamini kuwa hawana utamaduni wenye thamani, na kwamba jukumu la serikali ni kuchagua yaliyo bora katika mila za makabila yote na kuyafanya urithi wa wote. Muda mfupi baadaye kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Mwaka 1965 vijana walipelekwa China kujifunza sarakasi, na waliporejea likazaliwa kundi la taifa la fani hiyo mwaka 1969. Kundi la taifa la maigizo lilifuata mwaka 1974.

Zawose alipata sifa nchini baada ya Rais Nyerere kumwalika kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Mwaliko huo una maana mbili. Kwanza, ulikuwa heshima: mchunga ng'ombe kutoka nchi iliyojulikana kwa njaa aliitwa na mkuu wa nchi kwa sababu ya ilimba yake. Pili, ulikuwa uhamisho: ngoma iliyokuwa na kaya kama mlezi sasa ilipewa mlezi mpya, yaani dola. Katika kizazi hicho hicho palikuwa na Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, ambaye milio ya ngoma zake ilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Kwa njia hizo mbili, ya jukwaa na ya redio, wasanii waliotoka vijijini walikuwa sauti ya taifa jipya.

Jukwaa la taifa lilikuwa na masharti yake. Mchezaji alipaswa kujua ngoma za watu wengine: sindimba ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni, bugobogobo ya Wasukuma. Hilo lilikuwa jambo jema kwa umoja. Hata hivyo, ngoma iliyochezwa usiku kucha ilifupishwa ikawa ya dakika chache. Duara lilikatwa likawa mstari unaowatazama watazamaji. Waliokuwa wakiitikia wimbo wakawa wakipiga makofi mwishoni. Wanazuoni wa sanaa za maonyesho, akiwamo Penina Mlama, wameeleza kwa kina jinsi ngoma iliyoondolewa katika shughuli yake inavyobaki na mwendo wa mwili huku ikipoteza kazi yake katika jamii. Ngoma ilialikwa kusherehekea ziara za viongozi na sikukuu za taifa, na maneno ya nyimbo yakaelekezwa huko.

Zawose naye aliimba kwa ajili ya taifa. Alitunga na kuimba kwa Kigogo na kwa Kiswahili, akasifu umoja, uhuru na uongozi. Msomaji wa leo anaweza kuziona tungo za aina hiyo kuwa ni utumishi tu. Ila ikumbukwe kwamba kusifu ni fani kongwe katika Ugogo kama ilivyo kwingineko, na mwimbaji anayesifu huwa pia anadai: anayesifiwa kwa kulisha watu huwekewa sharti la kuwalisha. Matumizi ya Kiswahili nayo hayakuufuta Ugogo wa nyimbo hizo. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, lakini ngazi ya sauti, mkokotezo wa irabu na namna ya kupokezana wimbo vilibaki vya Kigogo. Hapa pana somo kwa wanaisimu: lugha ya wimbo na lahaja ya sauti yake ni mambo mawili, na mtu anaweza kuhama katika la kwanza huku akibaki nyumbani katika la pili.

Wakati huo huo nyumbani kwenyewe kulikuwa kunabadilika. Kuanzia mwaka 1971, kupitia Operesheni Dodoma, kaya za Wagogo zilihamishwa kutoka katika matembe yaliyotawanyika na kuwekwa katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 ikaamuliwa kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Nchi iliyomlea Zawose ilikuwa inapangwa upya huku yeye akiiwakilisha majukwaani jinsi ilivyokuwa.

5.0 Bagamoyo

Mwishoni mwa miaka ya 1970 uchumi wa Tanzania ulikuwa umedhoofika, na vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 viliongeza mzigo. Vikundi vya taifa vya sanaa vilivunjwa. Mahali pake pakachukuliwa na Chuo cha Sanaa, kilichoanza kazi Bagamoyo mwaka 1981. Baadhi ya wasanii wa vikundi vilivyovunjwa wakawa walimu huko, naye Zawose alikuwa miongoni mwao. Chuo hicho ndicho kilichogeuzwa mwaka 2007 kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Kuhamia kwake Bagamoyo kuna kinaya cha kihistoria. Katika karne ya 19 Bagamoyo ulikuwa mlango wa njia ya misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji, na njia hiyo ilipita Ugogo. Wagogo walijulikana na kulaumiwa na wasafiri kwa sababu ya hongo waliyotoza misafara iliyopita kwenye maji yao. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Mgogo mmoja aliifuata njia hiyo kwa mwelekeo wa pili, kutoka bara hadi pwani, akajenga makazi yake katika mji wa Waswahili, Wazaramo na Wakwere, akakaa huko hadi kufa.

Chuoni alikumbana na tatizo ambalo walimu wa fasihi simulizi wanalifahamu vizuri. Alichokijua yeye hakikuwa kimegawanywa katika masomo. Mwanafunzi alipewa muda wa miaka michache na ratiba ya vipindi. Mtoto wa Kigogo alipewa utoto mzima. Chuo kiliweza kufundisha mapigo, mwendo wa miguu na namna ya kufunga vipande vya ilimba. Hakikuweza kufundisha kwa urahisi ule mwitikio wa watu waliokua pamoja, ambao wanajua pumzi ya mwenzao inapokwisha na kuingia kabla wimbo haujaanguka. Kwa hiyo, kando ya chuo, Zawose alikuwa na shule ya pili nyumbani kwake. Alikuwa na wake zaidi ya mmoja na watoto wengi, na katika ua wake waliishi pia ndugu wengine. Watoto walikulia kati ya malimba yaliyokuwa yakitengenezwa. Kwa namna fulani alikuwa amejenga tena tembe, safari hii kando ya Bahari ya Hindi.

6.0 Ng'ambo

Katikati ya miaka ya 1980 safari za nje zilianza kwa kasi. Mwaka 1985 kampuni ya Triple Earth ya Uingereza ilitoa santuri iitwayo Tanzania Yetu, ambamo Zawose aliimba pamoja na wenzake Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute. Santuri nyingine, Mateso, ilifuata. Kampuni ya Kijapani ya JVC nayo ilirekodi muziki wake. Alialikwa kwenye matamasha ya WOMAD, yaliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake, na mwaka 1996 kampuni ya Real World ikatoa albamu ya Chibite.

Jina la albamu hiyo, ambalo pia lilitumiwa na kikundi cha familia, linastahili kuangaliwa. Katika Kigogo, chi- ni kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, -bit- ni mzizi wenye maana ya kwenda, unaokaribiana na ule wa -pita katika Kiswahili, na -e ni alama ya dhamira tegemezi. Neno zima lina maana ya twende. Ni neno la kuita wenzako. Halisemwi na mtu aliye peke yake. Kwamba Zawose alilichagua linaafiki jinsi alivyosafiri. Mwenzi wake mkuu jukwaani alikuwa Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake, ambaye alipiga ilimba na kuimba kando yake kwa miaka mingi. Katika maonyesho mengine walikuwapo mabinti na jamaa wengine, waliopiga muheme, kucheza na kuitikia.

Mwaka 2002 ulikuwa kilele. Ilitoka albamu ya Mkuki wa Rocho, na ikatoka Assembly, aliyoifanya pamoja na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada, ambamo ilimba na zeze vilikutana na mitambo ya umeme. Mwishoni mwa mwaka huo Hukwe na Charles walifuatana na Peter Gabriel katika ziara yake ya Amerika ya Kaskazini, wakaimba mbele ya umati uliojaza viwanja vya ndani vya miji mikubwa.

Mafanikio hayo hayakuwa bila utata. Elias Songoyo, alipochunguza ngoma za Wasukuma, alionyesha jinsi fedha inavyobadili uhusiano kati ya wachezaji na watazamaji wao. Katika Usukuma, hata hivyo, mnunuzi alikuwa Msukuma mwenzao, na aliweza kumkosoa msanii kwa lugha yake. Mnunuzi wa Zawose alikuwa mgeni asiyejua Kigogo wala Kiswahili. Alisikia sauti, hakusikia maneno. Fumbo, kejeli au onyo lililokuwa katika wimbo halikumfikia. Wakati huo huo, vijana wa mijini nchini Tanzania walikuwa wamegeukia muziki wa dansi, kisha muziki wa kizazi kipya. Hivyo, mwimbaji aliyeitwa Dar es Salaam awe sauti ya taifa alipata mapato na sifa zake kubwa nje ya taifa hilo. Dola ilikuwa imempokea kutoka mikononi mwa kaya. Sasa soko la ng'ombo lilimpokea kutoka mikononi mwa dola.

7.0 Ukoo Kama Kikundi

Zawose alifariki Desemba 2003, akiwa na umri wa miaka ipatayo 65. Mwaka uliofuata, 2004, Charles naye akafariki. Katika muda wa chini ya miezi 12 kikundi kilipoteza kiongozi wake na yule ambaye wengi walimtarajia kumrithi. Kwa taasisi yenye bajeti na muundo, pigo la namna hiyo hushughulikiwa kwa tangazo la nafasi ya kazi. Kwa ukoo hakuna tangazo. Kila aliyebaki ni mfiwa kwanza, kisha ndipo awe msanii. Mialiko iliyokuja kwa jina la mtu mmoja haikuwa na sababu ya kuendelea kuja kwa jina la nyumba nzima. Hapo ndipo udhaifu wa kikundi cha ukoo unapoonekana: kinadumu kuliko wizara, lakini kinaweza kutegemea koo la mtu mmoja.

Hata hivyo, hakikufa. Watoto waliolelewa katika ua ule waliendelea na kazi hiyo kwa njia mbalimbali. Msafiri Zawose, mwanawe, alichanganya ilimba na vyombo vya kisasa, na mwaka 2017 akatoa albamu ya Uhamiaji. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha kupitia Real World, kampuni ile ile iliyotoa Chibite miaka 28 iliyotangulia.

Tukio hili la mwisho linafunua jambo ambalo wasifu wa Zawose mwenyewe haukulidhihirisha. Katika Ugogo, kama ilivyoelezwa, muheme ulikuwa mali ya wanawake, nao waliuongoza katika shughuli zao wenyewe. Ngoma ilipopanda jukwaani, kwanza la taifa na baadaye la dunia, wanaume walishika malimba na kusimama mbele, wanawake wakawa waitikiaji na wachezaji wa nyuma. Mpangilio huo ulionekana mbele ya wageni kuwa ndiyo mila. Kwa kiasi kikubwa ulikuwa mpangilio wa jukwaa, kwa maana jukwaa lina mbele na nyuma, ilhali duara halina. Wanawake wa ukoo wa Zawose waliposhika uongozi wa kuimba na kupiga vyombo, walifanya jambo jipya kwa upande wa ilimba na zeze. Kwa upande wa ngoma walikuwa wakirudi mahali pao.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameyatazama maisha ya Hukwe Ubi Zawose kama historia ya walezi watatu wa ngoma moja: kaya, dola na soko. Dola ilimwita, ikamtumia, ikavunja kikundi chake, kisha ikampa darasa. Soko la nje lilirekodi sauti yake na kuihifadhi kwa ubora ambao maktaba za nyumbani hazikuwa na uwezo nao, lakini lilimtenga na wasikilizaji waliomwelewa. Kaya ndiyo iliyokuwapo mwanzoni, ikawapo katikati bila kutajwa, na ikabaki mwishoni. Ni kweli kwamba bila mwaliko wa Nyerere huenda ilimba ya Doda isingejulikana nje ya Dodoma. Ni kweli pia kwamba mialiko na mikataba peke yake isingezalisha kizazi cha pili cha wapigaji.

Kutokana na hayo, sera za utamaduni na utafiti wa fani za jadi zina la kuzingatia. Kwa kawaida fedha na kumbukumbu huelekezwa kwa msanii mashuhuri au kwa taasisi iliyosajiliwa. Kundi linalokaa kati ya hizo mbili, yaani watu wanaoishi pamoja na kuitikia pamoja, halina barua yenye nembo wala jina la kuvutia, na kwa hiyo huachwa nje ya hesabu. Katika uchambuzi wa nyimbo hali ni hiyo hiyo: maneno ya kiongozi huandikwa na kufasiriwa, huku mwitikio ukipewa mstari mmoja na alama ya kurudia. Kwa ngoma ya Kigogo uchambuzi wa aina hiyo ni nusu ya kazi, kwa kuwa sauti ya msingi ambamo kiongozi huchota zake inashikwa na wale wanaoitikia.